Mbegu Arobaini na Moja

3 Machi

Nimefungua kopo la mbegu nikakuta unga. Wadudu wameyala maharagwe ya mama yangu mwaka mzima, kimya kimya, na mimi nikipita hapo kila siku kuchukua chumvi. Mwaka jana nilipoyahifadhi sikuchanganya majivu. Nilisema nitachanganya kesho, na kesho yenyewe ikapita bila kuaga. Nimeyamwaga yote kwenye ungo, nimeketi mlangoni, nimechambua moja moja. Yasiyo na tundu: arobaini na moja.

Haya ni mabaka, ya kahawia na meupe, ya kutambaa kwenye fito. Mama aliyapanda maisha yake yote, nami nimeyapanda tangu nilipoolewa. Sijayaona kwa muuzaji mwingine yeyote sokoni. Wale niliowagawia zamani wameshaacha kulima au wameshahama. Kwa hiyo hizi arobaini na moja ndizo zote zilizobaki, na wa kulaumiwa ni mimi.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na moja, na kila mwisho wa zamu niliandika ripoti. Mume wangu, ambaye alikuwa fundi saa na bado anaamini kila tatizo duniani linahitaji bisibisi ndogo, amenipa daftari hili. "Andika, mama," ameniambia. "Mwaka huu usije ukasema kopo lilikuroga." Basi naandika.

5 Machi

Kikao jikoni. Waliohudhuria: mimi, Mzee wangu, na mke wa mwanangu. Binti huyu amehamia kwetu tangu Januari, mwanangu alipopelekwa mbali kujenga barabara. Ana adabu, anapika vizuri, na amesoma kozi ya kilimo ya miezi sita, jambo ambalo nimeshaambiwa zaidi ya mara moja. Nikikasirika namwita Mtaalamu, lakini humu daftarini tu.

Amekuja na pakiti ya mbegu nyeupe, nyembamba. Anasema yanawahi kuzaa, hayana nyuzi, na wateja wa kibanda chetu sokoni wanataka maharagwe mabichi laini.

"Yako ni matamu, mama," alisema, "lakini ukiyavunja yana uzi wa kushonea shuka."

Kweli yana uzi. Lakini hayo si maneno ya kumwambia mama mkwe huku unamkorogea chai.

Mzee naye akatoa mfukoni mbegu zake, nyeusi, alizozipata kwa mtu anayemjua yeye. Anadai zitazaa maganda ya zambarau. Hakuna aliyemuuliza.

Tuna fito thelathini na sita na bustani haina nafasi ya zaidi. Tumekubaliana kila aina ipewe fito kumi na mbili. Itakayoshinda ndiyo itakayochukua fito zote msimu ujao na kuuzwa kibandani. Mwamuzi ni mpishi wa mgahawa ulio karibu na soko, mteja wetu mkubwa, mama ambaye hajui kusifu kitu kwa kumwonea mtu haya. Nilikubali upesi kwa sababu nilijua nitashinda.

8 Machi

Tumepanda. Mbegu tatu kwa kila ufito, yaani mabaka thelathini na sita. Tano nimezitupa mlangoni: ndogo, zimekunjamana, sura ya mgonjwa aliyelazwa muda mrefu. Mke wa mwanangu alinishika mkono.

"Mama, tubakize hata kumi. Za akiba."

"Za akiba za nini? Mbegu ya mama yangu haijawahi kukataa kuota."

"Sijasema itakataa. Nasema tubakize."

Nikamwambia kwenye kozi yake walimfundisha woga. Mzee alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havina kamba.

Ugawaji wa sehemu niliufanya mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba na ndiye mwenye uzoefu wa kupanga vitanda. Yangu nimeyaweka lilipokuwa banda la mbuzi, udongo mweusi kama masizi. Ya Mzee katikati. Ya pakiti nimeyapa kile kipande cha mawe kando ya ukuta, ambako hata magugu huota kwa kusitasita. Hakuna aliyelalamika, na mimi sikuona sababu ya kuwafungulia mjadala.

9 Machi

Mvua.

10 Machi

Mvua.

16 Machi

Yameota! Yangu thelathini na nne kati ya thelathini na sita. Nimeyahesabu mara mbili. Nimemwambia mke wa mwanangu, "Umeona?" Akasema, "Nimeona, mama," na akatabasamu vizuri tu. Ningependa angalau anune kidogo.

20 Machi

Nimeanza kuyapa chakula cha ziada. Nachukua samadi ya mbuzi kwa jirani, nailoweka kwenye ndoo nyuma ya pipa, na alfajiri kabla hawajaamka nayamwagia mabaka yangu tu. Mtu akiniuliza, natupa maji ya vyombo. Hakuna aliyeniuliza. Si kudanganya. Mgonjwa wa hali mbaya hupewa lishe ya ziada, na mbegu iliyobakiza watoto thelathini na nne ni mgonjwa wa hali mbaya.

27 Machi

Mzee amegundua kwamba maharagwe yote, ya aina zote tatu, yanazunguka fito kinyume na mishale ya saa. Ameita kila mtu atazame. "Miaka arobaini nimetengeneza vitu viende mbele," anasema, "na sasa nastaafu nalima vitu vinavyorudi nyuma." Amecheka peke yake hadi chakula cha mchana.

Nilichukua mche wangu mmoja nikauzungusha upande wa pili, kumkomesha.

28 Machi

Ule mche niliouzungusha umejifungua wenyewe na kurudi upande wake. Sijamwambia.

4 Aprili

Yangu yamefika kifuani. Majani mapana, ya kijani iliyokolea, ukipita kati yake unapotea. Ya Mzee yamefika kiunoni. Ya pakiti yamefika gotini, na rangi yake si nzuri, yanaelekea manjano. Nilimwona mke wa mwanangu amechuchumaa pale kwenye mawe akiyaangalia, nikamhurumia. Jioni alikuja mpaka mlango wa chumba changu akasimama kama mwenye neno. Nikamuwahi: "Pole, mwanangu. Udongo wa pale mbaya." Akasema, "Asante, mama," akarudi zake.

Nimejisikia vibaya baada ya hapo. Kidogo.

9 Aprili

Hakuna la kuandika. Mabaka yanakula vizuri na kulala vizuri.

13 Aprili

Kuna jambo. Kila jioni mke wa mwanangu anakwenda nyuma ya bafu na kikombe cha maji. Bafu letu liko uani, na nyuma yake siendi kwa sababu pana upupu na pana vyuma vyote ambavyo Mzee anasema atavitengeneza, pamoja na kile kitanda cha hospitali nilichopewa kilipovunjika springi. Anakaa huko robo saa. Akirudi anaimba chini chini.

Nimemuuliza Mzee anadhani ni nini. "Anaongea na mumewe kwa simu," alisema. Na kikombe? "Anasikia kiu." Ndiyo maana sikumwachia Mzee malezi.

21 Aprili

Ya pakiti yametoa maua. Meupe, mengi, hadi chini. Kwenye mawe pale pale. Nimetazama yangu: majani.

26 Aprili

Ya Mzee yametoa maua ya zambarau. Amevaa shati safi kwenda kuyatazama.

Yangu: majani. Yamepita ncha za fito na sasa yananing'inia hewani yakitafuta pa kushika. Nimeongeza ndoo mbili.

2 Mei

Majani.

8 Mei

Mavuno ya kwanza ya pakiti. Mke wa mwanangu ameyachuma, ameyapanga kwenye beseni, akaniita niyavunje. Yanakatika kwa mlio, bila uzi. Nikatafuta uzi mpaka nikaona aibu. Tumekwenda naye sokoni. Mpishi wa mgahawa alichukua moja akalitafuna bichi, macho amefumba, sisi tumesimama kama watu wanaosubiri majibu ya maabara.

"Haya hapa," alisema. "Keshokutwa niletee tena. Nani kalima?"

Nilidhani mke wa mwanangu atasema ni yeye. Alisema, "Nyumbani kwetu." Nikanunua ndizi ili nipate cha kufanya na mikono.

12 Mei

Siku ya Mzee. Maganda yake kweli ni ya zambarau, na yanaonekana kirahisi kati ya majani, hata mimi bila miwani sikuacha hata moja. Watu walisimama kibandani kuyashangaa. Mpishi alichukua bakuli zima. Baada ya saa moja alirudi nalo limejaa maharagwe yaliyochemshwa, ya kijani kabisa.

"Rangi yenu imekwenda wapi?"

Mpishi akasema ladha ni nzuri, lakini yeye hawezi kumwandalia mteja kitu kilichobadilisha uraia jikoni. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, Mzee naye, mke wa mwanangu akaketi chini kabisa. Ilikuwa siku nzuri. Nasema hivyo ingawa nyumbani yangu yana maua kumi na manne tu kwa fito kumi na mbili.

17 Mei

Leo nitaandika ndefu.

Mchana anga lilikuwa safi. Mke wa mwanangu alikuwa sokoni, Mzee amesinzia kwenye kiti, mimi naosha beseni. Upepo ulikuja kutoka upande wa ukuta, na mvua nyuma yake, ile ya kulala ubavu. Nilikimbilia kuanua nguo. Nilisikia mlio, kisha mwingine, kavu, nikajua kabla sijageuka.

Fito zangu zilikuwa zinavunjika. Majani yote yale niliyoyalisha yalikuwa yameshika upepo na maji, na fito hazikuweza. Ulipoanguka wa kwanza ulivuta wa pili kwa sababu huko juu zilikuwa zimeshikana. Nilikumbatia wa tano. Mwanamke wa miaka sitini na sita, kanga kichwani, nimekumbatia ufito, na ukavunjika mikononi mwangu. Kumi na mbili zote. Nilipiga magoti kwenye tope lile la samadi nikainua majani nikitafuta maganda. Niliyapata tisa, membamba, bado hayana kitu ndani. Mashina mengi yalikuwa yamekatika chini kabisa, laini kama mtu aliyenenepa bila kutembea.

Kando ya ukuta, ya pakiti yalikuwa yamesimama. Yale ya Mzee mawili tu yalikuwa yameinama.

Nililia. Sikumlilia mtu, maana mama yangu amekufa siku nyingi na nilishamlilia. Nilililia kopo. Nilikuwa na mbegu arobaini na moja za kitu ambacho mama aliniachia mkononi, nikazitia zote kwenye udongo mmoja kwa ajili ya kumshinda binti wa watu.

Mke wa mwanangu aliingia langoni akikimbia, viatu mkononi. Hakusema pole. Aliweka beseni chini, akashika upande mmoja wa lile lundo, akasema, "Mama, inua na mimi, tuanze na yale ambayo shina halijakatika." Tulifanya kazi ndani ya mvua mpaka ikakatika. Nilichana shuka kuukuu tukafunga mashina kwa vijiti, kama mfupa. Mzee alishika miavuli miwili juu yetu, akalowa yeye.

18 Mei

Mashina sita yamepona, labda.

20 Mei

Matatu.

22 Mei

Yale maganda tisa yameoza yote. Mashina matatu ya mwisho yamenyauka leo asubuhi. Nimemwaga ile ndoo ya nyuma ya pipa kwenye mtaro na kuiosha mara mbili.

Nimefikiri sana kuhusu binti huyu. Tangu Januari nimekuwa nikimtafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha nywele zilizonyolewa. Siku ya tope hakuniuliza kwa nini udongo unanuka mbuzi.

24 Mei

Nimemwambia. Tulikuwa jikoni, yeye anavunja maharagwe ya kwenda sokoni.

"Nina jambo, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Siku ile nilipogawa sehemu, sikugawa kwa haki. Nilikupa mawe makusudi. Na yangu nilikuwa nayapa samadi alfajiri, mmelala."

Hakuinua kichwa. "Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Ndoo. Nilijua tangu ya kwanza. Harufu yake hata Mzee aliisikia, akadhani ni yeye."

"Mbona hukusema?"

Aliacha kuvunja. "Nilitaka kusema. Maharagwe yakishiba sana yanasahau kuzaa, yanabaki kuota majani tu. Wiki ya nne nilikuja hadi mlangoni kwako. Ukaniambia pole, udongo wangu mbaya. Nikakasirika, mama. Nikasema acha aone. Na yalipochelewa kutoa maua nilifurahi. Siyo siku zote. Nisamehe."

Nimezalisha watoto wa watu miaka thelathini na moja na sijawahi kusikia mtu akikiri kitu kigumu kwa sauti ndogo vile. Nikamwambia tuko sawa, mimi nimeanza na yeye amemaliza. Tukabaki tunavunja maharagwe pamoja, na macho yangu yalikuwa na maji, na sikuwa nakata kitunguu.

Baadaye akajifuta mikono. "Vaa viatu vya kufunika, mama. Twende nyuma ya bafu."

Upupu ulikuwa umefyekwa. Kile kitanda changu cha hospitali kilikuwa kimesimamishwa wima ukutani, na kwenye springi zake, kuanzia miguuni hadi kwenye mto, yalikuwa yamepanda maharagwe. Majani machache, maganda mengi. Nilipasua moja lililoanza kukauka. Mabaka.

Nikashika chuma cha kitanda.

"Zile tano ulizotupa," alisema. "Niliziokota mlangoni. Moja haikuota. Niliogopa kukwambia, nilidhani utasema nakukosoa kwa takataka zako mwenyewe. Halafu kadiri siku zilivyokwenda ikawa ngumu zaidi."

"Na udongo?"

"Kokoto na majivu ya jikoni, mama. Na kikombe kimoja cha maji jioni."

Nimemwita Mzee. Ameangalia kitanda, ameangalia maharagwe, akasema kumbe ndiyo maana hakuwahi kukitengeneza.

1 Juni

Jua. Maganda yanakauka vizuri. Naenda nyuma ya bafu asubuhi, yeye anaenda jioni. Ni zamu kama wodini, na tunapokezana ripoti mlangoni: "Hali ya wagonjwa nzuri." "Nimepokea."

6 Juni

Mpishi ameuliza kama msimu ujao tutakuwa na yale marefu yasiyo na uzi. Nimemjibu mimi mwenyewe, na nimemwambia aliyeyalima ni mkwe wangu. Nimelisema hilo kwa sauti ambayo hata muuza sufuria wa kibanda cha jirani aligeuka.

15 Juni

Kikao jikoni, cha pili. Makubaliano ni makubaliano: ya pakiti yameshinda, fito zote ni zake. Nimelisema mimi kabla ya mtu mwingine ili nisionekane nimelazimishwa.

"Basi kama ni zangu nazigawa mimi," alisema. "Pakiti ishirini. Mabaka kumi na mbili, tusiyauze mabichi na uzi wake, tuyaache yakauke. Mpishi hajawahi kuyaonja makavu. Na Mzee nne."

"Nne tu?" alisema Mzee.

"Kwa ajili ya rangi, baba."

"Na mabaka utayapanda wapi?" niliuliza.

"Kwenye mawe, mama."

Nilikubali. Nilianza kusema kwamba labda samadi kidogo tu, ya wiki moja. Wote wawili walinitazama, nikanywa chai yangu.

22 Juni

Tumepukuchua leo uani, kwenye ungo ule ule. Mbegu mia moja sabini na tatu, ngumu, zinazong'aa, hakuna yenye tundu. Nimechekecha majivu mwenyewe, nimeyachanganya mwenyewe, leo, siyo kesho. Kisha nimefunga kopo na kumpa.

Alidhani namtuma aliweke kabatini. Nikamwambia hapana, ni lake, alitunze yeye, kama mama yangu alivyonipa mimi. Alilishika kwa mikono miwili. Halafu, mbele ya macho yangu, akalifungua, akahesabu mbegu kumi, akazifunga kwenye kitambaa na kutoka nazo nje. Alirudi mikono mitupu.

"Za akiba," alisema.

Nimemuuliza amezificha wapi. Amekataa kuniambia.